Bakuli la mwembe limepasuka, kifuniko cha kijaluba hakitoki: nakosea wapi?

Mkereza_Pwani
Wakuu, habari za kazi. Nimekereza bakuli la mwembe, kipenyo sm 28, gogo lilikatwa wiki moja kabla. Nililimaliza siku hiyohiyo hadi ukuta wa mm 8, msasa, vanishi. Siku ya nne limepasuka pande mbili zinazotazamana na limekuwa umbo la yai. Pili, kijaluba cha mninga: kifuniko kilikaa safi kikiwa kwenye mashine ya kukereza, kesho yake hakitoki. Naomba msaada.

RandaMsasa
Mkuu, pande hizo mbili ndipo nyuzi zinapotokeza vichwa. Maji hutoka hapo haraka kuliko ubavuni, mbao inasinyaa upande mmoja huku kwingine bado mbichi, ndipo inapoachia. Umbo la yai halizuiliki: mbao husinyaa kufuata duara za mti karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka moyo kwenda gome.

Kwa mbao mbichi kereza mara mbili. Kwanza toa umbo tu, ukuta uwe sehemu ya kumi ya kipenyo. Kwa sm 28 acha mm 28, kitako nacho vilevile. Paka nta vichwa vya nyuzi, nje na ndani. Andika uzito kwa penseli kwenye kitako, upime kila wiki. Uzito ukigoma kushuka wiki tatu mfululizo, rudisha kwenye mashine. Hesabu miezi mitatu hadi sita.

Fundi Maranda
Nakubali, ila mm 8 si kosa lenyewe. Bakuli bichi jembamba mara nyingi hujipinda bila kupasuka, mradi unene uwe sawa kote. Mkereza, kitako kina unene gani? Na moyo wa gogo uliutoa?

Mkereza_Pwani
Kitako mm 22. Moyo unaonekana karibu na ukingo.

Fundi Maranda
Basi ndiyo hayo. Ukuta umekauka, kitako bado kimelowa na hakikubali kusinyaa nao. Moyo nao ni ufa unaosubiri siku yake. Pasua gogo katikati, kisha toa angalau sm 2 kila upande wa moyo kabla ya kukata duara.

Ukilirudisha baada ya kukauka, ule ulimi wa kitako unaoshikwa na meno ya chaki (kishikio cha mashine) nao utakuwa yai. Usiubane hivyo hivyo. Geuza bakuli, ndani lilalie kipande cha mbao chenye ngozi, kichwa cha nyuma cha mashine kisukume kitako, usawazishe ulimi upya: kipenyo kama sm 9, urefu mm 8. Ncha ya ulimi isiguse sakafu ya chaki. Bega la bakuli ndilo likalie meno. Hapo ndipo wengi wanapoona bakuli linaruka.

Mwendo: anza mizunguko 500 kwa dakika hadi mtikisiko uishe, kisha 700 au 800. Nje kata kutoka kitako kwenda ukingo, ndani kutoka ukingo kwenda katikati. Ukienda kinyume nyuzi zinanyanyuka, na msasa namba 120 hautazifuta hata ukeshe.

Bi_Mninga
Kuhusu kijaluba: ukichimba ndani, mbao inaachia mkazo na unyevu, inajivuta. Chimba chombo na kifuniko mapema, ukiacha mm 4 au 5 za ziada, viweke wiki mbili hadi nne bila kufunikana. Kisha maliza ndani ya kifuniko kwanza, ndipo ukereze ulimi wa chombo uingie humo, urefu mm 5, kuta zake sambamba. Ukiuacha na mwinamo, kifuniko kitashika mdomoni tu.

Mwanzo uache ubane ili ukereze nje vyote viwili vikiwa pamoja. Kulegeza ni kazi ya mwisho kabisa: msasa 320, mguso mmoja, jaribu, mguso mwingine. Unapotenganisha kifuniko na chombo mwanzoni, katia kwa patasi nyembamba ya mm 2, la sivyo mistari ya mninga haitakutana tena kifuniko kikirudi. Na vaa barakoa, vumbi lake linawasha pua na ngozi.

RandaMsasa
Nyongeza: usilifunge bakuli bichi kwenye mfuko wa nailoni. Kwa joto la pwani mwembe huota ukungu upesi na kubaki na madoa ya bluu. Tumia mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake yenyewe, na maranda hayo uyabadilishe yakilowa.

Mkereza_Pwani
Asanteni wakuu. Nusu ya pili ya gogo bado ipo, kesho naipasua upya.