Mjadala: Je, kuruti aelezwe mshahara, cheo na hatima yake kabla ya kula kiapo?

Mtoa mada, Kinondoni

Ndugu zangu, naleta hoja ambayo imenikaa moyoni tangu nilipohudhuria sherehe za kufunga mafunzo ya mpwa wangu katika kambi moja ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Wakati wa kiapo, kuruti wote walifuatisha maneno ya afisa aliyewaongoza, na walipofika mahali pa kutaja majina, kila mmoja alitaja lake kwa wakati uleule, mamia ya majina yakavuma juu ya uwanja kama ngurumo moja, hata sikuweza kulipambanua la kijana wetu. Dada yangu alilia kwa furaha. Baadaye tulikaa naye chini ya mwembe, akila wali aliopikiwa na mama yake, nami nikamuuliza: sasa umeapa; je, utapewa kiasi gani kwa mwezi, kwa muda gani, na muda huo ukiisha utakuwa nani? Hakujua hata jibu moja. Alinijibu kwa upole kwamba maswali hayo hayaulizwi.

Sizungumzii vijana wa mujibu wa sheria, wale wanaotoka kidato cha sita, ambao mafunzo yao yalisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, kwa kuwa hao hukaa muda mfupi na kuendelea na masomo. Nazungumzia wanaojitolea, wanaotoa miaka yao miwili wakiwa na matumaini ya kuingia Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), Polisi, Magereza au Uhamiaji. Ninachopendekeza ni kwamba posho au mshahara, ngazi za vyeo, muda wa mkataba na hali ya kijana baada ya mkataba vielezwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, apewe nakala yake siku kadhaa kabla ya kiapo, na awe na nafasi ya kurudi nyumbani bila kuitwa mwoga. Naomba tujadiliane kwa hoja.

Mchangiaji, Ukonga

Mwanangu, mimi ni askari mstaafu na ninakupinga. Jeshi si kiwanda ambacho mtu hupatana bei mlangoni. Mwaka 1964, usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, na madai yao makubwa yalikuwa mawili: mishahara iongezwe, na maofisa wa Kiingereza waondolewe ili Waafrika washike nafasi zao. Waliuteka mji huu wetu wa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akalazimika kuomba msaada wa makomando wa Uingereza, ambao walitua tarehe 25, jambo lililomuumiza kiongozi wa nchi iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo ikazaliwa JWTZ, iliyojengwa kwa vijana waliotazamwa kwanza uaminifu wao kwa taifa. Ndiyo sababu kwetu kiapo hutangulia. Ukimzoesha kuruti kuupima utumishi kwa mshahara, hujui ataupima kwa nini siku atakapoamriwa kuvuka mto huku risasi zikipita juu yake. Mimi niliapa mwaka 1977, na mwaka uliofuata nilikuwa njiani kwenda vitani Kagera, kupigana na majeshi ya Idi Amin wa Uganda. Hakuna aliyeniuliza kama posho inatosha.

Mchangiaji, Mbagala

Shikamoo mzee wa Ukonga. Mimi ni mama mwenye mtoto kambini. Barua ya wito ilipokuja niliisoma mara tatu, na kila kitu kilikuwemo: bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni na inayofika magotini, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, na nauli ya kwenda na kurudi. Nilikopa kwenye kikoba ili nikamilishe orodha hiyo, na bado narejesha. Mtu anayeweza kunitajia rangi ya shuka atakayolalia mwanangu hashindwi kunitajia kiasi atakachopewa mwisho wa mwezi, wala kuniandikia kwamba baada ya miaka miwili huenda nikampokea nyumbani bila kazi.

Mchangiaji, Kigamboni

Mama, naheshimu uchungu wako, lakini tusiseme kwamba vijana hawaambiwi. Matangazo ya kujiunga kwa kujitolea yamekuwa yakieleza waziwazi kwamba JKT haitoi ajira, wala haiwatafutii vijana ajira, na kwamba mkataba ukiisha kijana hurudi nyumbani kujiajiri kwa stadi alizojifunza. Tatizo ni kwamba kijana husoma tangazo kwa jicho moja na kwa jicho la pili huwatazama majirani zake waliopita JKT na leo wamevaa magwanda ya kudumu. Mnakumbuka mwezi wa Aprili 2021, Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alipotangaza kusitishwa kwa mikataba ya vijana 854 wa JKT. Walikuwa wamedai ajira ambayo walisema waliahidiwa kutokana na kazi za ujenzi walizozifanya, na jeshi likakiita kitendo chao uasi. Aliyeapa utii hawezi kuandamana kudai ahadi, hata kama aliisikia kwa masikio yake.

Mtoa mada, Kinondoni

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante kwa kulikumbusha jambo la Colito, maana ndilo linalonipa hoja. Wale askari walikuwa wamekwisha kuapa. Kiapo kilikuwapo, nidhamu ya paredi ilikuwapo, na havikuwazuia kuasi, kwa sababu malalamiko ya mshahara na cheo yalikuwa yamekaa ndani muda mrefu bila mahali halali pa kuyapeleka. Uhuru ulikuja Desemba 1961, na miaka miwili baadaye askari wa kawaida bado aliona kwamba maofisa wengi wa juu ni Waingereza. Siwatetei walioasi, walihatarisha nchi. Ila siwezi kukubali kwamba funzo la tukio lile ni kunyamaza kuhusu mshahara, wakati kunyamaza ndiko kulikotangulia moto.

Yako mengine ya mji huuhuu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao mekundu, wakipinga sharti la kulitumikia JKT kwa miaka miwili, ambapo kwa sehemu kubwa ya muda huo wangefanya kazi huku wakikatwa mishahara. Mwalimu aliwafukuza chuoni, karibu 400, na hadi leo wapo wanaosema alikuwa sahihi na wapo wanaosema alikuwa mkali mno. Mimi nakumbuka zaidi jambo alilolifanya papo hapo: alitangaza kwamba anaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hakuwaambia vijana kwamba mshahara hauzungumzwi. Aliuzungumza, akaanza na wa kwake, na miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Kijana anayeombwa kujinyima alionyeshwa kwa hesabu kwamba na mkubwa wake amejinyima. Hicho ndicho ninachokiomba, mzee wangu, kwamba anayeapa ajue anaapa kutoa nini.

Kuhusu vyeo, ndugu wa Kigamboni amegusia matumaini, nami naongeza kwamba matumaini mengine hutokana na kutojua ngazi. Nimezungumza na vijana wenye shahada waliodhani cheti cha chuo kitawavika nyota za uofisa siku ya kumaliza ukuruti. Hawakujua kwamba anayeingia kama askari huanza bila tepe, akapata moja akiwa koplo usu, mbili akiwa koplo, tatu akiwa sajenti, na kwamba njia ya juu kwa upande huo ni uafisa mteule. Njia ya nyota nayo ni kuchaguliwa kuwa ofisa mwanafunzi, kupita chuo cha maofisa cha Monduli, na kutunukiwa kamisheni ya Luteni Usu na Rais. Ni milango miwili tofauti, na anayekaa mbele ya mlango usio wake kwa miaka miwili hupoteza miaka ambayo hairudishwi na mtu. Kueleza hilo kwa kuruti kungechukua nusu saa.

Wenzetu wa Marekani wameliweka jambo hili mezani: jedwali la mishahara ya wanajeshi, kwa daraja na kwa miaka ya utumishi, linaweza kusomwa na mtu yeyote, na kuruti hutia saini mkataba unaomweleza kwamba wajibu wake kwa jumla, pamoja na muda wa kuwa askari wa akiba, ni miaka minane. Kiapo chake huanza na kuitetea Katiba, ndipo kinapofika kwenye utii kwa Rais na maofisa walio juu yake. Sisemi tuwaige katika kila jambo, kwa sababu wao wana uwezo wa fedha ambao sisi hatuna. Nasema tu kwamba kuujua mshahara hakukuwafanya wasiwe na jeshi.

Mchangiaji, Kigamboni

Naongeza jambo moja dogo la kisheria. Ibara ya 25 ya Katiba yetu inapiga marufuku kazi ya shuruti, kisha inatoa kazi za askari na za ujenzi wa taifa nje ya katazo hilo. Kwa hiyo kijana akishaingia, ulinzi alionao raia wa kawaida kazini hupungua. Hapo nakubaliana na mtoa mada kwamba wakati wa kumweleza ni kabla ya kuingia, si baada.

Mchangiaji, Ukonga

Marahaba, wanangu. Nimesoma yote, na hili la Mbagala limenirudisha mbali. Mshahara wangu wa kwanza niliujua siku niliposogea mbele ya meza ya mhasibu, nikapiga saluti, nikataja namba yangu, naye akahesabu noti mbele yangu. Zilikuwa pungufu ya kiasi nilichomwahidi mama yangu kabla ya kuondoka Songea. Nilimwandikia barua kwamba malipo yamechelewa na mengine yanakuja. Hayakuja, na sikupata nafasi ya kumweleza ukweli, kwa sababu niliporudi kutoka Uganda nilikuta wameshamzika.

Kwa hiyo wasomewe. Posho, muda, vyeo, na kwamba huenda wakarudi nyumbani. Vyote wasomewe na wapewe karatasi. Lakini sikubaliani na mtoa mada kwamba kijana aruhusiwe kuondoka wakati wowote kabla ya kiapo, kwa kuwa mafunzo yana gharama na yana mambo ambayo hayapaswi kutembea mitaani. Wasomewe siku ya kwanza, langoni, kabla hawajavua nguo za nyumbani, na asiyeridhika ageuke pale pale na nauli yake ya kurudi mkononi.