Mjadala: Data zilizokusanywa kwa kodi zetu, vijana wapewe bure au wauziwe?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, naweka msimamo mapema mnishambulie vizuri. Takwimu, ramani na sheria zilizoandaliwa kwa kodi ziwekwe mtandaoni, zipakuliwe bure, tena kwa faili ambalo kompyuta inalisoma. Siyo kurasa zilizoskaniwa kiupandeupande halafu ofisi inasema "tumeshachapisha". Kijana anayebuni programu ya simu, ramani za watalii au michoro ya takwimu kwa magazeti, malighafi yake ni taarifa. Unamtoza vipi kabla hajapata hata mteja wa kwanza?

Mfano uko hapahapa mjini. Mwaka 2011 mtaa wa Tandale ulichorwa ramani na wakazi pamoja na wanafunzi. Mwaka 2015 ikaja Ramani Huria: wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na UDSM wakapita kata kwa kata na wenyeji, wakaingiza mitaro, madaraja na vichochoro kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Shabaha ilikuwa mafuriko, lakini ramani ikishakuwa wazi haimuulizi mtu anaitumia kwa lipi. Anayesambaza mizigo kwa bodaboda anaifungua, mbunifu wa mabango anaifungua, na hakuna anayeandika barua ya maombi.

Mtasema tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Sawa, ila inampa ofisa hadi siku 30 kujibu (Kenya ni 21), na inaanza na wewe kuomba. Mimi nataka tusiombe. Na tusisahau kwamba 2017 tulijitoa wenyewe kwenye OGP, ule mpango wa uendeshaji wa shughuli za serikali kwa uwazi.

Mchangiaji, Unguja

Mkuu, umeruka jambo. Huku wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walirusha droni, visiwa vikapigwa picha, picha zikafunguliwa kwa dunia. Mwaka 2018 zikatumika kwenye shindano la kimataifa la kutambua majengo kwa akili bandia. Vizuri sana! Lakini faili zile ni nzito. Mwenye mashine kubwa na intaneti isiyokatika anazimaliza usiku mmoja, kijana wa Tunguu bado anahesabu bando. Mlango uko wazi, ila wengine wamefika na lori.

Mchangiaji, Nairobi

Sisi Kenya tovuti ya data za serikali tulipewa. Julai 2011 Rais Kibaki aliizindua, tukapiga makofi. Miaka michache baadaye takwimu nyingi humo zilikuwa za kale, kwa sababu kusasisha ni kazi ya mtu na mtu hulipwa. Kwa hivyo mimi ada siipingi: kampuni kubwa zilipe, vijana wapewe bure.

Mchangiaji, Arusha

Mimi ni mchoraji. Nikisikia "wazi" nashika mfuko. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na kazi zetu bado zinachapwa kwenye fulana za watu.

Mleta mada

Wa Arusha, hatujagusa michoro yako. Ulichochora ni chako, nazungumzia kilicholipiwa na umma.

Wa Unguja, hapo umenibana kweli. Kufungua data bila maabara yenye intaneti vyuoni na kwenye maktaba za mikoa ni kumfungulia mwenye lori. Ila kuna kinga moja sijaona ikijadiliwa. OpenStreetMap tangu 2012 inatumia leseni ya ODbL: kampuni inaruhusiwa kufanya biashara, lakini ikiboresha hifadhidata na kuitoa hadharani, maboresho nayo yanabaki wazi kwa leseni hiyohiyo. Kwa nini ofisi zetu zisiige hilo badala ya kuuza data?

Wa Nairobi, ada yako inanitia shaka. Nani atapima ukubwa wa kampuni? Kijana wa Kariakoo akishasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ni kampuni, benki nayo ni kampuni. Dirishani watatofautishwaje, na wakati anasubiri kutofautishwa anakula nini?