Tupeane uzoefu: kilo zilizoingia fasta, zinatoka fasta kweli?

Mleta mada:
Wakuu habari za muda huu. Mwenzenu nimevunjika kifundo cha mguu, niko na plasta wiki ya 5 sasa, ratiba yangu ni kitanda kiti, kiti kitanda, na mdomo ndo kiungo pekee kinachofanya mazoezi. Kabla sijaanguka nilikuwa kilo 71, na nimekuwa 71 hiyo hiyo miaka kama 6 hivi, haipandi haishuki. Juzi nimepanda mizani kwa taabu na magongo yangu, inasoma 78. Kilo 7!! Suruali zote zimenigomea, nashindia bukta.

Sasa kila anayekuja kunijulia hali ananipa moyo, oh usijali hizo za juzi tu, hazijakomaa, zitatoka kama zilivyoingia. Hivi ni kweli au ndo yale maneno ya kumliwaza mgonjwa? Wale mlionenepa ghafla kwa sababu yoyote ile leteni ushuhuda, ila naomba namba: ziliingia ngapi, kwa muda gani, kutoka zilichukua muda gani. Ushauri wa vidonge vya kupunguza mwili sitaki, nataka yaliyokukuta wewe.

Mchangiaji wa 2:
Pole sana mkuu. Mimi ilikuwa likizo wiki 2, kula kulala kula kulala, nikarudi na kilo 4 za ziada. Siku 10 tu za kazi kilo 3 zikakata zenyewe bila kujinyima chochote, nikaanza mpaka kutoa ushauri kwa wenzangu, najiona mtaalamu. Ile kilo 1 iliyobaki ninayo mpaka leo na huu ni mwaka wa pili.

Mchangiaji wa 3:
Hapo kwa mchangiaji wa 2 pana siri yote. Zile 3 zilizokata zenyewe kwa sehemu kubwa hayakuwa mafuta, yalikuwa maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, mtu mzima anaweza kubeba kama nusu kilo hivi, na kila gramu 1 ya hiyo akiba inashika maji kama gramu 3. Piga hesabu, ghala likijaa ni kama kilo 2 hizo na hujaongeza hata tone la mafuta. Weka na chumvi ya siku za kujiachia, nayo inashika maji yake, weka na chakula chenyewe kilichoko tumboni bado hakijatoka.

Mafuta yenyewe hayaji kwa kasi ya namna hiyo. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, kwa hiyo mtu anayesema ameamka asubuhi ameongezeka kilo 2 za mafuta ina maana jana yake alikula kalori zaidi ya 15,000 JUU ya zile mwili unazotumia. Hata mlafi wa ukoo wetu hafiki huko (na namjua vizuri kwa sababu ni mimi).

Mchangiaji wa 4:
Mie dada yenu niliwekwa kwenye prednisolone miezi 5 kwa ajili ya ugonjwa fulani. Jamani ile dawa inakupa njaa ya ajabu, unamaliza kula unaanza kuwaza utakula nini tena, na usingizi hamna kwa hiyo hata saa 8 usiku uko jikoni. Niliongezeka kilo 9, uso ukawa wa duara mtu uliyesoma naye anakupita hakujui, na nyama imejaa nyuma ya shingo. Nililia sana, si kwa ugonjwa, kwa picha.

Daktari alipoanza kunishusha dozi kidogo kidogo, uso ndo ulikuwa wa kwanza kurudi, ndani ya miezi 2 au 3 nikaanza kujiona mimi tena. Kilo 5 zilitoka nikiwa sijui hata zinatokaje. Hizi 4 nyingine nimezitafuta kwa jasho, na bado 2 ninazo. Sasa angalizo, usije ukasoma hapa ukaamua kuacha dawa hiyo siku moja kwa sababu ya unene. Ukiitumia muda mrefu mwili unalala kutengeneza homoni yake wenyewe, ukikata ghafla unaweza kuanguka vibaya. Inashushwa taratibu na aliyekuandikia.

Mchangiaji wa 5:
kwangu mizani iliisha betri nikaona huo ndo mpango wa Mungu, sijabadilisha

Mchangiaji wa 6:
Mimi nakuja kuharibu sherehe. Niliacha sigara, ndani ya miezi 5 nikaongezeka kilo 11. Haraka hiyo si ndo haraka? Basi leo mwaka wa 3 na kilo 10 zote ninazo. Nikotini ilikuwa inanikata hamu ya kula na kuusukuma mwili kidogo utumie nguvu zaidi, nilipoiacha njaa ikarudi na mkono ukawa unatafuta kitu cha kupeleka mdomoni, nikaupa karanga na soda. Hiyo tabia haijaondoka mpaka leo, sasa unene utaondokaje.

Ndo maana hii habari ya "haraka" mimi siielewi. Wa likizo alirudi kazini, wa dawa alishushwa dozi, yaani kile kilichowanenepesha kiliondoka. Changu kipo mezani kila jioni. Na nikiulizwa kama najuta kuacha sigara, hapana, hata zingekuwa 20.

Mchangiaji wa 7:
Hongera kwa kuacha mkuu, hilo peke yake ni kubwa kuliko kilo 11.

Kuna utafiti wa Kanada wa akina Claude Bouchard, ulitoka 1990, unafaa sana kwenye hii mada. Walichukua vijana wa kiume mapacha wa kufanana jozi 12, wakawalisha kalori 1,000 za ziada kwa siku, siku 6 za wiki, kama siku 100 hivi. Kwa wastani waliongezeka kilo 8.1, lakini aliyeongezeka kidogo alipata 4.3 na aliyeongezeka sana 13.3, chakula cha ziada ni kile kile! Na kilo alizoongezeka pacha zilikuwa zinakaribiana na za pacha mwenzake. Walipoachwa warudi kwenye maisha yao, miezi michache baadaye sehemu kubwa ya zile kilo ilikuwa imetoka. Lakini angalia, hao walikuwa vijana wembamba, wanalishwa kwa makusudi, siku ya mwisho ikifika hakuna anayewabembeleza waongeze sahani.

Kwa hiyo mleta mada miaka 6 ya kukaa 71 ni dalili nzuri kwako kuliko hiyo kasi ya kuongezeka. Ukirudi kutembea na kula kama zamani una pa kurudi. Ukikaa nazo mwaka mzima, ukanunua suruali mpya, ukazoea sahani mpya, hapo tutaongea mengine. Seli za mafuta ukipungua zinanywea tu, idadi haipungui.

Mchangiaji wa 8:
Mimi uzazi. Mimba ya kwanza niliongeza kilo 18, kila mtu ananiambia kula mko wawili. Siku ya kujifungua ikatoka 6 kwa mpigo, mtoto, kondo, maji, damu. Wiki 2 za mwanzo nikawa nakojoa mara kwa mara na kutoka jasho usiku mpaka nalowesha shuka, kumbe ni maji yanatoka, zikaondoka kama 4 nyingine. Nikasema kumbe rahisi hivi! Hizo 8 zilizobaki zilichukua miezi 14, na wala si kwa mazoezi, nguvu za mazoezi nizitoe wapi na mtoto halali. Watu wanasema kunyonyesha kunapunguza, mimi kulinipa njaa tu. Mimba ya pili niliongeza 11 na kutoka zilitoka 7, basi. Mwili ule ule, mama yule yule.

Mchangiaji wa 9:
Naomba nichomekee kitu, samahani kama nitawaharibia stori. Mzee wangu aliongezeka kilo 3 ndani ya wiki moja na alikuwa hali vizuri kabisa. Sisi tukafurahi, mzee ananawiri. Viatu vikawa vinambana, ukibonyeza juu ya kifundo kidole kinaacha shimo, usiku analala na mito mitatu maana akilala chali pumzi inakata. Ilikuwa moyo. Maji yalitolewa kwa dawa na zile kilo zikashuka ndani ya siku chache, ndo unene wa haraka uliotoka haraka kuliko wote humu na nisingependa mtu aupate. Figo nazo zinaweza kufanya hivyo hivyo. Na mjamzito akivimba uso na mikono ghafla, na kichwa kinagonga, asisubiri kliniki yake ya mwezi ujao, aende siku hiyo hiyo.

Mchangiaji wa 10:
Mzee anaendeleaje sasa?

Mchangiaji wa 9:
Yupo, anajipima kila asubuhi akitoka chooni kabla ya chai, anaandika kwenye daftari. Ikipanda kilo 2 ndani ya siku chache anapiga simu hospitali yeye mwenyewe, hasubiri sisi.

Mchangiaji wa 3:
Nina swali kwa mleta mada, halafu usinichukie. Hizo 78 ulipima na plasta mguuni?

Mleta mada:
...

Mleta mada:
Ndiyo.

Mchangiaji wa 5:
😂😂😂 nimeanguka kitini mimi

Mleta mada:
Nimerudi kutoa mrejesho kama nilivyoahidi baadhi yenu inbox. Plasta ilitolewa, nikapanda mizani siku hiyo hiyo nikakuta 76.5, kwa hiyo kilo 1.5 nilikuwa nazililia na ni za hospitali. Ila msicheke sana, mguu wenyewe umetoka mwembamba kama wa mtu mwingine, msuli wa nyuma umekwisha, ina maana mafuta niliyoongeza ni mengi kuliko mizani inavyosema maana misuli imepungua hapo hapo.

Sasa ni wiki ya 6 tangu plasta itoke. Wiki 2 za mwanzo nilirudisha ratiba yangu ya kula ya zamani, mara 3 kwa siku na ule mfuko wa vitafunwa pembeni ya kitanda nikamkabidhi mdogo wangu, ikashuka mpaka 75. Baada ya hapo mwendo wa kinyonga, mazoezi ya mguu kila siku, kutembea nimefikisha dakika 40, leo asubuhi 74.2. Suruali moja imekubali kufunga nikivuta pumzi. Mchangiaji wa 6 hiyo hoja yako ya kitu kuwa mezani kila jioni ndo nimeondoka nayo, soda nimeacha kuweka ndani. Na mdogo wangu ameongezeka kilo 2.