Mpango wangu wa biashara ulisifiwa darasani, shangazi akaucheka: je, nichague mkondo wa ujasiriamali?

MwanaWinam
Habari zenu, ndugu zangu. Nasomea shahada ya kwanza ya biashara hapa Kisumu, na kabla ya muhula ujao sina budi kuchagua mkondo: uhasibu, au usimamizi na ujasiriamali. Moyo wangu umeelekea huo wa pili, lakini jambo moja limenitia shaka. Muhula uliopita tulitakiwa kuandika mpango wa biashara, nami nikauandika kuhusu biashara ya shangazi yangu, ambaye huuza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, katika soko la Kibuye na ambaye hakuvuka darasa la saba. Mhadhiri alinipa alama za juu. Nilipomsomea shangazi, alicheka hadi akajipangusa machozi kwa leso, kisha akaniuliza pesa za mwezi wa Mei nitazitoa wapi. Sikumwelewa, na niliona haya kuuliza zaidi. Je, kuna haja gani ya kusomea ujasiriamali kwa miaka miwili mingine, ilhali uhasibu una mitihani inayotambulika kila mahali?

MamaWaUfukweni
Mwanangu, shangazi yako hakukudharau. Kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa upande wetu wa Kenya kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili samaki wapate kuzaana, kwa hiyo mwezi wa Mei hakuna mashua inayoleta omena. Hata miezi mingine haifanani. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapong'aa taa hizo hazivutii kitu, basi wavuvi wengi hupumzika hadi giza lirudi. Mvua nayo ikiwakuta omena wakiwa wameanikwa, hubadilika rangi, nasi hulazimika kuwauza kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya hasara. Nadhani wewe ulichukua mauzo ya mwaka ukayagawa kwa 12.

DukaLaPembejeo
Nilihitimu katika mkondo huo huo unaoufikiria, na sasa nina duka la pembejeo nje kidogo ya jiji la Nakuru. Kosa lako nililifanya mimi, tena kwa pesa zangu mwenyewe. Mwaka wa pili wa duka, vitabu vilionyesha faida nzuri ifikapo Juni, lakini sikuwa na shilingi ya kumlipa msambazaji wangu, kwa sababu wakulima walikuwa wamechukua mbolea kwa deni wakati wa kupanda na wangelipa baada ya kuvuna mahindi, mwishoni mwa mwaka. Faida huandikwa siku unapouza. Pesa huhesabiwa siku inapokufikia mkononi. Anza na mtiririko wa fedha, mwezi baada ya mwezi, ndipo uje kwenye jedwali la faida.

Mikopo nayo ipimwe vivyo hivyo. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali ya Kenya uliozinduliwa Novemba 2022, hutoza riba ya 8% kwa mwaka, nafuu kabisa, lakini mkopo wake wa mtu binafsi unatakiwa kulipwa ndani ya siku 14. Muuzaji wa omena anayeuchukua mbalamwezi inapoanza kukolea atadaiwa kabla hajauza vya kutosha. Shangazi yako anaujua ukweli huo bila kuuandika. Wewe ndiwe unayeweza kuuandika hata benki ikauelewa. Chagua ujasiriamali, na ile mitihani ya uhasibu, yaani CPA inayotolewa na bodi ya KASNEB, uifanye pembeni.

MhadhiriMstaafu
Alama ulizopewa zilikuwa za uandishi, na hilo ni kosa letu sisi walimu kuliko lako. Hata hivyo usidhani nadharia zilizaliwa darasani. Henri Fayol, ambaye kanuni zake 14 za usimamizi bila shaka umezikariri, alikuwa mhandisi wa migodi aliyekabidhiwa kampuni iliyokaribia kufilisika mwaka 1888, na kitabu chake hakikutoka hadi 1916. Kwa upande mwingine Joseph Schumpeter, bingwa wa nadharia ya ujasiriamali, aliongoza benki mjini Vienna na akaachwa na madeni tele. (Wanafunzi wangu walikuwa wakiifurahia sana habari hiyo.)

Simwungi mkono ndugu wa Nakuru kuhusu CPA. Ada za mitihani ni mzigo kwa mwanafunzi, na muda huo ungekufaa zaidi sokoni likizo nzima, daftari mkononi, ukiandika kila kinachoingia na kutoka.

MwanaWinam
Ahsanteni sana. Jana nilirudi kwa shangazi na kumuuliza anaishije mwezi wa Mei. Alinieleza kwamba kuanzia Januari hununua omena waliokauka vizuri kidogo kidogo, huwahifadhi kwa magunia, kisha huwauza msimu ukifungwa, bei ikiwa imepanda. Na katika chama chao cha kuchangiana pesa kwa zamu aliomba zamu yake iwe Aprili, asije akagusa magunia hayo mapema kwa sababu ya karo. Hayo yote hayakuwa katika mpango wangu. Nitachukua ujasiriamali, suala la CPA bado nalipima. Mpango nimeuanza upya kwa safu 12, na shangazi ameutazama kwa muda mrefu, kisha akauliza iko wapi safu ya madeni ya wenye hoteli. Haikuwepo, nikaiongeza.