Kwa nini 4,294,967,297 si namba tasa?

Swali
Ndugu zangu, habari za kazi. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanahesabu wa Ufaransa, alieleza imani yake kwamba ukichukua 2, ukaipandisha kwa kipeo ambacho nacho ni 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo, kisha ukajumlisha 1, utapata namba tasa daima. Namba 3, 5, 17, 257 na 65,537 zinatii, lakini inayofuata, 2³² + 1, inakataa kwa sababu ni zao la 641 na 6,700,417. Kuzidisha nimezidisha na jibu limetoka. Ninaloomba kueleweshwa ni namna mtu asiye na kikokotoo angeweza kuifikia 641 bila kupitia namba tasa zote zilizo chini yake.

Jibu
Leonhard Euler, aliyeonyesha mwaka 1732 kwamba 641 ni kigawo chake, baadaye alithibitisha kuwa kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64. Sharti hilo linaacha 193, 257, 449, 577 na 641, basi. Katika karne ya 19 Édouard Lucas alilikaza zaidi, 64 ikawa 128, zikabaki 257 na 641 tu; na kwa kuwa namba za Fermat hazichangii kigawo chochote zaidi ya 1, 257 nayo inaondoka kabla hujashika kalamu.

Jibu
Nyongeza kwa mwenzangu: hata kugawanya si lazima. Tazama kwamba 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Katika hesabu ya mabaki ya 641, yaani namba mbili zikihesabiwa sawa zinapotofautiana kwa kigawe cha 641, basi, 5 × 2⁷ ni sawa na −1, na tukipandisha pande zote kwa kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴. Ukiiweka mahali pake unapata −2³² sawa na 1, yaani 2³² + 1 haibakizi kitu. Kwangu mimi huu ni miongoni mwa uthibitisho mzuri kuliko wote katika nadharia ya namba.

Mwuliza swali
Ahsanteni sana. Je, kanuni ya Fermat mwenyewe, kwamba 2 ikipandishwa kwa kipeo cha namba tasa pungufu ya 1 hubakiza 1 ikigawanywa kwa namba tasa hiyo, isingeifichua?

Jibu
Isingeifichua. Kwa kuwa 2³² hubakiza −1, 2⁶⁴ hubakiza 1, na 2³² ambacho ndicho kipeo tunachokihitaji kinagawanyika kwa 64. Hivyo namba hii inafaulu jaribio la 2 ingawa si tasa. Tumia 3 badala yake: itafutie kipeo cha pili mara 32 mfululizo, ukichukua baki kila hatua, na baki la mwisho halitakuwa 1.