Mjadala: Siku 90 za kujibu madai India ni amri au ni ombi?

Wakuu, kuna ndugu ameandika hapo juu kwamba Mahakama ya Juu ya India ilitenda haki ilipokataa kumfungia mlango mdaiwa aliyechelewa kuleta utetezi wake. Anasema utaratibu ni mtumishi wa haki, na mtumishi hamfukuzi bwana wake nyumbani. Nimeisoma hoja hiyo mara mbili, na bado sikubaliani nayo.

Tuifungue sheria yenyewe kwanza. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya India ni ya mwaka 1908. (Waliosoma sheria Tanzania wanaifahamu hata kama hawajawahi kufika Delhi, maana yetu ya 1966 imefuata mfano wake hadi mpangilio wa Amri na Kanuni.) Amri ya 8, Kanuni ya 1 inamtaka mdaiwa alete utetezi wa maandishi ndani ya siku 30 tangu apokee wito. Akishindwa, mahakama inaweza kumwongezea muda kwa sababu itakazoziandika, lakini usipite siku 90 tangu apokee wito huo. Ukomo huo ulitokana na marekebisho ya 1999 na 2002, na shabaha yake ilikuwa kesi anazofungua baba akaja kuzimaliza mjukuu. Mawakili waliyapinga kwa nguvu marekebisho ya 1999, yakakaa bila kutumika hadi Julai 2002.

Mwaka 2005 ikaja kesi ya Kailash dhidi ya Nanhku. Jaji Mkuu R. C. Lahoti na wenzake walisema kanuni ile inaelekeza tu, hailazimishi, kwa kuwa Bunge halikutaja adhabu ya anayepitisha siku 90. Miezi michache baadaye, katika kesi ya Chama cha Mawakili cha Salem, mahakama ikarudia msimamo huohuo na kuongeza tahadhari: muda wa ziada utolewe kwenye mazingira magumu kweli, usiwe mazoea.

Mimi naona tatizo liko kwenye tahadhari hiyo. Mwaka 2020, katika Desh Raj dhidi ya Balkishan, mahakama ileile ililazimika kusema tena kwamba kanuni kuwa ya kuelekeza hakumpi wakili wala mteja ruhusa ya kuleta utetezi siku anayojisikia. Miaka 15 imepita na onyo ni lilelile. Kama lingekuwa limesikika huko chini kwenye mahakama za wilaya, lisingehitaji kurudiwa.

Sasa tazameni upande wa pili. Sheria ya Mahakama za Biashara ya 2015 iliweka siku 120. Zikipita, mdaiwa amepoteza haki ya kuleta utetezi na mahakama hairuhusiwi kuupokea. Katika kesi ya SCG Contracts mwaka 2019, Mahakama ya Juu ilisema hapo hakuna mjadala, hiyo ni lazima. Mwaka 2020 jopo la majaji 5 likasema hivyohivyo kuhusu malalamiko ya walaji: siku 45, na baraza la walaji halina uwezo wa kuongeza hata moja.

Kwa hiyo kampuni inayodai fedha za mkataba wa biashara wenye thamani ya kuanzia rupia 300,000 ina ukomo wa kweli. Aliyenunua bidhaa mbovu anao pia. Lakini mjane anayedai sehemu yake ya shamba kwa mashemeji, ambaye kesi yake inapita mahakama ya kawaida, ameachiwa ukomo unaonyooshwa. Hili linaniuma. Nchi moja, mahakama ya juu moja, na anayeambiwa asubiri ni yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kusubiri.

Najua nitajibiwa kwamba tofauti hiyo imeletwa na maneno ya Bunge, si upendeleo wa majaji. Ni kweli. Sheria ya 2015 inataja adhabu waziwazi, ile ya 1908 haitaji. Ila maneno "usipite siku 90" nayo ni ya Bunge, na sioni yalihitaji kuambatanishwa na adhabu ndipo yaheshimiwe.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya mdaiwa maskini. Mtu amepokea wito, amempa wakili fedha aliyokopa, wakili akazembea. Siku ya 91 anakuta mlango umefungwa na nyumba inakwenda. Ukali wa namna hiyo siutaki. Huyo apewe nafasi, lakini awe ametoa sababu inayopimwa, na mdai alipwe hasara yote aliyoipata kwa kusubiri, siyo faini ya kuonyesha tu kwamba kuna kilichotozwa.

Kwenye malipo, sheria inamwangusha mdai tena. Kifungu cha 35A cha sheria ya 1908 kinaruhusu fidia dhidi ya aliyeleta madai au utetezi wa uongo ili kusumbua, na kiwango cha juu ni rupia 3,000. Fedha hiyo haifikii hata ada ya wakili. Kwa kesi za biashara, sheria ya 2015 iliufuta ukomo huo wa fidia.

Ndugu yangu unayetetea uamuzi wa Kailash, nijibu hapo. Kama mahakama ya kawaida haifungi mlango siku ya 90, na haiwezi kumtoza msumbufu zaidi ya rupia 3,000, mdaiwa aliyekaa ndani ya nyumba ya mwenzake atakuwa na sababu gani ya kuleta utetezi wake mapema?