Hadithi fupi inasomeka vizuri lakini haikai akilini. Nikate wapi?

KalamuMpya
Wakuu, nina hadithi ya maneno 3,140 na shindano linataka yasizidi 2,500. Mvuvi wa Pangani ameenda baharini, hajaonekana. Kila jioni mkewe humpakulia, hufunika sahani kwa kawa na kuiweka mwisho wa jamvi. Anayesimulia ni mtoto wao wa miaka tisa. Siku ya arobaini mama anakubali kwamba mumewe amekufa. Wasomaji wanasema "nzuri", ila baada ya wiki hawakumbuki kitu. Aya ya mwisho ni hii:

"Mama alilia kwa uchungu mwingi. Hatimaye alitambua kuwa baba hatarudi tena. Ama kweli, asiyekuwepo na lake halipo. Tangu siku hiyo nilijifunza kwamba maisha lazima yaendelee."

BiMhariri
Aya hiyo futa yote. Methali na funzo ni vya ngano. Hapa vinamwambia msomaji kazi imekwisha, afunge kitabu asahau. Ulichonacho ni sahani, basi imalizie sahani: "Mama akafunua kawa, akanisogezea. 'Kula, kisipoe.'" Siku zote chakula kile kilikuwa kikiachwa kipoe. Inatosha.

Ila sahani ionekane mara tatu, si zaidi. Ya kwanza kama desturi. Ya pili ipate misukosuko: mtoto ana njaa, anainyooshea mkono, anapigwa kofi. Bila kofi hilo, ile "kula" ya mwisho haina uzito.

Fundi_wa_Sentensi
Nyongeza kwa Bi Mhariri: kagua nyakati za vitenzi. Kwenye maelezo yako hapa umeandika "humpakulia, hufunika", lakini kama hadithi yenyewe imekwenda kwa -li- kama ile aya ya mwisho, desturi na tukio vinalingana kimo. Desturi ipe hu-, aya moja tu. Siku ya arobaini fungua kwa -li- moja kisha shusha -ka-: "Jioni ile alipakua, akafunika, akakaa na sahani mapajani." Msomaji atashtuka kabla hajajua kwa nini.

Na majirani wakiuliza, mama ajibu "Hajarudi." Hiyo -ja- bado inasubiri. Siku ya arobaini ajibu "Hakurudi." Silabi moja, na matanga yameanza.

BiMhariri
Hapo nakataa kidogo. "Hakurudi" pamoja na "Kula, kisipoe" ni misumari miwili kwenye tundu moja. Mimi ningemwacha aseme "Hajarudi" mpaka mwisho, huku mkono ukimpa mtoto sahani. Mdomo useme hili, mkono ufanye lile.

Fundi_wa_Sentensi
Nimekubali, yako ni bora.

Mzee_wa_Rasimu
Hesabu sasa. Rasimu nyingi za namna hii huanza na jua kuchomoza, sifa za kijiji na ukoo wa baba. Kama yako inayo, na ni maneno kama 600, yatoe. Anzia jioni mama anapopakua. Toa na 150 ya mwisho, yaani aya ile na maelezo yanayoitangulia, unabaki na 2,390. Majina nayo: watu kama Hamisi, Hassani na Halima kwenye kurasa nane watachanganywa. Mtu mwenye jina abaki yule anayegusa sahani au anayeuliza habari za baba. Wengine waite "jirani", "mjomba".

Kabla ya kutuma, mpe mtu asome, umuulize baada ya siku tatu, bila karatasi, anaona nini. Akisema "inahusu subira", bado. Akisema "ile sahani", tuma.

KalamuMpya
Asanteni sana. Kumbe kofi lilikuwepo, nililikata nikidhani linamchafua mama. Hofu yangu moja: asipotamka kuwa amekufa, si watadhani labda yu hai?

Mzee_wa_Rasimu
Ushahidi uweke katikati, mbali na mwisho. Mjomba alete ubao wa ngalawa uliookotwa ufukoni, mama aupokee bila neno, ausimamishe nyuma ya mlango. Sentensi mbili. Usiurudie tena, na usije ukauchoma jikoni siku ya arobaini, utaiua sahani.